Kofia ya Wavioo na Mdakaji wa Buffalo

Prairie Fork, Nebraska
12 Mei 1984

Shemeji Clement,

Kwa huzuni kubwa, na baada ya kushauriana na wanafamilia wote (yaani Irma, aliyecheka), natangaza kwamba kofia yangu ya timu yetu, Wavioo wa Toledo, niliyoinunua nikiwa kijana mwenye nywele, imeliwa na mbuzi wa jirani. Ameanza na ukingo, akamalizia na herufi. Maziko hayatakuwepo kwa kuwa marehemu bado yumo tumboni mwa mbuzi. Rambirambi zipokelewe kwa njia ya posta.

Baada ya msiba huo, habari zenu? Dada yangu Verna hajambo? Goti lako? Sisi wazima. Irma kaanza tena kuoka mikate ya kujaza kabichi na nyama, nami nimeanza tena kuishiwa tundu kwenye mkanda. Dukani watu wananunua rangi, misumari wanaazima.

Sasa tuingie kwenye dini yetu, besiboli. Uteuzi wa chipukizi, timu kubwa zikichagua vijana wapya raundi kwa raundi, ni mwezi ujao na bado sijui unafikiri nini. Nimepokea orodha yako ya wadakaji watano bora wa vyuo vya Ohio. Nimeisoma mbele, nyuma, nikaishika juu ya taa. Shemeji, mbona simwoni Gerard? Kijana anakaa nyuma ya mpigaji na kudakia timu ya chuo chake, anatupa mpira hadi kituo cha pili kama anapigilia msumari, na baba yake mzazi hajamweka hata wa tano! Umesahau kwamba una mtoto?

Mimi huku naendelea kujidhalilisha. Timu ya mji huu ni tawi la chini kabisa la Buffalo, unajua, wale maadui zetu, na mimi nisiye na pengine pa kwenda naingia uwanjani nikijificha uso kama mlokole aliyeonwa baa. Faraja yangu ni moja: nimewafundisha ule ukelele wako. Mpigaji akikosa mara tatu, jukwaa zima linasimama: "Rudi nyumbani ukamsaidie mama kuosha vyombo!" Anayeupiga kwa sauti kubwa kuliko wote ni Bi Opal, mpiga kinanda wa kanisani. Umeacha alama duniani, Clement.

Shemeji yako asiye na kofia,
Lowell

Toledo, Ohio
26 Mei 1984

Shemeji Lowell,

Pole kwa kofia. Mpe pole na mbuzi. Mtu yeyote aliyeimeza timu ile anastahili huruma, sisi tumeimeza miaka yote na angalia hali zetu.

Verna anawasalimu. Kapanda nyanya mapema mno, baridi ikarudi, sasa kila jioni anazifunika kwa mashati yangu ya kazini. Goti linatabiri mvua kuliko redio. Karakana ya mabasi ni ile ile.

Kuhusu uteuzi: Wavioo watachukua mrushaji, kwa sababu kila mwaka wanachukua mrushaji na kila mwaka mkono wake unaharibika kabla hatujajifunza kulitamka jina lake. Mimi ningemchukua yule mlinzi wa kituo cha tatu kutoka Indiana. Macho mazuri, mikono mikubwa, hana papara. Wa pili ningechukua mrushaji wa mkono wa kushoto. Mdakaji ningemtafuta raundi ya tatu, si kabla. Wanao mmoja mzee, wanahitaji kijana wa kumrithi.

Wiki iliyopita alikuja hapa msaka vipaji wao, Bwana Ott. Lowell, mtu wa Wavioo, jikoni kwangu! Alivaa tai. Verna alimpa pai ya cheri, akala vipande viwili, akasifu. Walizungumza na Gerard, akamtazama mikono, akauliza kama analala vizuri. Kisha Gerard akatoka kwenda kumwonyesha mama yake bomba linalovuja, nasi wawili tukabaki tunaongea mambo ya besiboli.

Basi ndiyo hivyo.

Kuhusu orodha yangu, sina la kuongeza. Nyanya zikipona nitakuambia.

Clement

Toledo, Ohio
7 Juni 1984

Lowell,

Sina salamu leo. Verna mzima, mimi sijijui.

Unajua magazeti hayaandiki zaidi ya jina la kijana wa kwanza aliyechukuliwa na kila timu. Mengine timu zinayaficha kama siri ya jeshi. Tumekaa siku nzima karibu na simu. Wavioo wamechukua mrushaji. (Nilisema.) Raundi ya tatu, kocha wa chuo katupasha, wamechukua mdakaji kutoka Florida ambaye hakuna mtu Ohio aliyewahi kumsikia.

Saa kumi simu ikalia. Gerard akainua. Akasema "Ndiyo, bwana," akasema "Asante, bwana," akasema "Wapi?" Kisha akaweka simu chini, akatuangalia, akasema:

"Raundi ya nne."

Verna akapiga yowe hadi jirani akaja na ndoo, akidhani pamewaka moto. Mimi nikauliza, "Timu gani?"

"Buffalo."

Lowell. Buffalo. Wavunja Barafu wa Buffalo! Watu walionifanya nipige teke televisheni mwaka wa sabini na moja! Nilikaa kwenye kiti cha jikoni. Verna akasema, "Clement, mpongeze mwanao." Nikampongeza. Nadhani nilimpongeza. Nilisikia sauti yangu ikisema neno kwa mbali kama ya mtu aliye chumba kingine.

Na si hayo tu. Unajua wanampeleka wapi kuanza? Kaa chini kwanza. Mwambie Irma atandike kile chumba cha nyuma.

Clement

Prairie Fork
17 Juni 1984

Shemeji,

Sikukaa chini, nilikosa kiti. Nilisoma barua yako nimesimama dukani, nikamwaga kopo zima la rangi ya kijani juu ya viatu vya mteja. Anasema rangi ameipenda. Nimemwachia.

Gerard amefika Jumanne kwa basi akiwa na begi moja, na kile kinyago chake cha chuma cha kudakia kakining'iniza shingoni kama kengele ya ng'ombe. Kawa mkubwa! Irma kamwekea mikate sita, kala, akauliza kwa adabu kama ile ni ya kuonja tu. Vijana wa timu hupangishwa kwenye nyumba za watu mjini, basi klabu ilipojua mimi ni mjomba wake walifurahi, gharama imepungua. Nimemwambia, "Mjomba wako ni Mwavioo hadi kaburini, lakini godoro halina timu." Akacheka. Anacheka vizuri, kama Verna.

Sasa niulize jambo. Ijumaa mlipopiga simu aliongea na mama yake robo saa nzima, nyanya, bomba, kila kitu. Kisha nikamsikia akisema, "Ahaa, haya, mpe." Halafu akanikabidhi mimi mkono wa simu na kutoka nje kumtazama mbuzi. Wewe ukasema "Gerard?" na mimi nikasema "Hapana, ni mzee mwenye tumbo," tukabaki wote wawili tunapumua kwenye waya kama ng'ombe zizini.

Kuna nini, Clement? Kama ni Buffalo, mtoto hakuichagua. Timu ndiyo huchagua, hata mbuzi wa jirani anajua.

Lowell

Prairie Fork
8 Julai 1984

Shemeji Clement,

Wiki tatu bila jibu. Nilidhani posta, nikaenda kumgombeza mtu wa posta, nikarudi kumwomba radhi.

Irma mzima. Mbuzi mzima. Mimi siyo.

Jana tulikuwa na Gerard barazani tunamenya mahindi. Wala sikumuuliza. Nilisema tu, kwa utani wangu ule usiojua pa kusimama, "Wavioo watajuta, watakuta wamemwacha mtoto wa shabiki wao mkubwa kuliko wote." Akaendelea kumenya. Kisha akasema, taratibu tu:

"Mjomba, hawakuniacha. Waliambiwa waniache."

"Na nani?"

"Na shabiki wao mkubwa kuliko wote."

Clement, hindi lilinitoka mkononi.

Anasema siku aliyotia saini, msaka vipaji wa Buffalo alimsimulia kama kichekesho. Wasaka vipaji hao hunywa kahawa pamoja, wanasengenyana kuliko wanakwaya. Bwana Ott aliwasimulia wenzake kwamba kule Toledo alimuuliza baba wa mdakaji mmoja, "Ungekuwa kwenye kiti changu ungemchukua kijana huyu?" na yule baba akamjibu, "Nisingemchukua. Miguu mizito, na mpira unaopinda ukimjia anaonekana kama anafukuza nyuki." Ott akasema katika maisha yake yote hajawahi kusikia baba akisema vile. Wakacheka hadi kahawa ikawapoa. Na huyo wa Buffalo akamwambia Gerard, "Ndiyo tukakuchukua sisi, kijana, usijali!" akampiga begani, akadhani kamfurahisha.

Nimeandika sentensi hii mara kadhaa na kuifuta, kwa hiyo itoke tu ilivyo: ni kweli ulisema hivyo?

Hajakasirika, kama unataka kujua. Ingekuwa afadhali. Anaosha sahani yake, anamwambia Irma asante, anakwenda mazoezini. Lakini jina lako likitajwa anatafuta kitu cha kufanya kwa mikono.

Lowell

Toledo
21 Julai 1984

Lowell,

Tumepokea barua. Verna ameisoma pia, kabla yangu, na sasa nakula chakula changu nikiwa peke yangu mezani ingawa tuko wawili.

Ni kweli nilisema. Mtu wa Wavioo alikaa jikoni kwangu akanitazama usoni, akaniambia, "Naambiwa wewe unaijua timu hii kuliko sisi wenyewe." Miaka thelathini nangoja mtu aniambie hivyo. Akaniuliza swali la besiboli, nikampa jibu la besiboli. Ungetaka nimdanganye? Ungetaka timu ipoteze nafasi ya raundi ya tatu kwa sababu ya pai ya cheri? Miguu yake ni mizito. Mpira unaopinda unamsumbua tangu akiwa na miaka kumi na minne. Kila neno ni kweli na wewe unajua.

Goti linauma. Nyanya zimeanza kuiva, nyingi mno, Verna anawagawia majirani wote isipokuwa mimi. Basi la njia ya Cherry Street limeharibika injini. Anapiga? Mvua hakuna. Mlinzi wa Indiana niliyemtaka kachukuliwa na St. Louis.

Clement

Prairie Fork
29 Julai 1984

Shemeji,

Nimeona. Ulidhani sitaona? Katikati ya nyanya na injini ya basi umechomeka maneno mawili, "Anapiga?", kama mtu anayepitisha chupa mlango wa nyuma wa kanisa.

Haya, jibu la besiboli. Hapigi. Mipira ya moja kwa moja anaipiga vizuri, juzi kaupiga mmoja ukavuka uzio ukaangukia kwenye gari la mchungaji. Lakini warushaji wameshajua, wanamrushia inayopinda tu, na anafukuza nyuki, Clement, anawafukuza kweli kweli. Kudaka anadaka kama mfalme. Hakuna mkimbiaji anayethubutu kumwibia kituo cha pili. Kwa hiyo baba wa mdakaji hakumdanganya yule Ott. Nakupa hilo.

Lakini nimelifikiri jibu lako dukani wiki nzima, nimepima misumari vibaya mara ngapi sijui, na bado halinikai. Nakujua tangu ulipokuja kumposa Verna ukiwa na tai ya kuazima. Ukiulizwa swali la besiboli wewe huishii kwenye sentensi mbili. Wewe hujibu saa nzima, unaleta na karatasi. Ukimzungumzia mdakaji unaanza na mkono wake wa kutupa, siku zote. Huyu mkono wake ni bora kuliko wote uliowahi kuuona, na hukuutaja. Siamini kwamba ulikuwa unawasaidia Wavioo.

Mimi na Irma tutakuwa Colorado kwa dada yake kuanzia tarehe nne hadi kumi na moja Agosti. Timu itacheza nyumbani wiki hiyo nzima. Ufunguo huwa chini ya chungu cha maua mekundu. Nakuambia tu, kama habari za familia.

Lowell

Toledo
13 Agosti 1984

Shemeji Lowell,

Natumaini mmerudi salama na dada yake Irma hajambo. Utakuta mmepungukiwa na mikate yote iliyokuwa kwenye friji; nilikuwa naingia Gerard akiwa mazoezini, usiku nalala garini. Chungu cha maua nilikivunja, ufunguo haukuwepo chini yake, ulikuwa mlangoni. Nitakulipa chungu.

Nakuandikia ilivyokuwa, sawasawa, kwa sababu utaisikia mjini ikiwa imeongezwa chumvi.

Niliendesha siku mbili. Nilivaa kofia yangu ya Wavioo nikaivuta hadi kwenye pua, nikakaa nyuma ya anaposimama mpigaji, ambapo jua linampiga mtu machoni na hakuna anayetaka kukaa. Mbele yangu alikuwa mama mmoja mnene mwenye mto wa kukalia na mfuko wa pipi. Nikaona ni mtu wa heshima.

Gerard akaja kupiga. Mpira wa kwanza ukapinda, akakosa. Wa pili ukapinda, akakosa. Wa tatu, Lowell, niliuona unapinda tangu mkononi mwa mrushaji, nikasema moyoni, "Uache, mwanangu." Hakuuacha. Na yule mama akasimama, akajaza kifua, akapiga kelele: "Rudi nyumbani ukamsaidie mama kuosha vyombo!" Na jukwaa zima likaitikia. Wazee, watoto, mchungaji.

Maneno yangu. Ya kwangu mimi, yamevuka majimbo manne yakanisubiri pale.

Ungependa nikuambie kwamba nilisimama nikasema, "Huyo ni mwanangu." Sikusimama. Nilijikunja kama gazeti. Hilo nataka ulijue kwanza.

Kwa sababu ndilo lenyewe. Wewe uliliona, mimi sikutaka. Bwana Ott aliponiuliza, sikuwaza miguu. Niliona uwanja wa Toledo umejaa, na Gerard amekosa mara tatu, na sehemu yetu nzima, kina Stan, kina Wojcik, watu niliowafundisha mimi, wanasimama kumfukuza mwanangu. Na mimi nimekaa katikati yao na kofia. Najua watu wanavyofanyiwa pale kwa kuwa nimewafanyia mimi, miaka thelathini, nikicheka, nikila karanga. Nikaogopa. Nikachukua hofu yangu nikaivalisha nguo za besiboli, nikampa yule bwana. Mkono wake sikuutaja kwa sababu ningeutaja wangemchukua.

Sasa sikiliza kilichotokea. Gerard anarudi kwenye benchi, kichwa chini, na mimi nimefumba macho. Nikasikia sauti yake: "Vyombo nimeshaosha, Bi Opal! Na sakafu nimepiga deki!" Watu wakaangua kicheko, yule mama akacheka hadi akashika uzio, akamrushia pipi, akaidaka kwa mkono mmoja bila kutazama. Kumbe ni mchezo wao wa kila siku! Kumbe kitu nilichomkinga nacho, kwa gharama ile, anakichezea kama mpira wa mazoezi.

Nilipofumbua macho alikuwa amesimama, ananiangalia.

Hakuja. Awamu tatu nzima za mchezo hakuja. Akadaka, akamtoa mtu kwenye kituo cha pili kwa mpira uliopita kama risasi, nikasikia mwenyewe nimesema "Aah!" na Bi Opal akageuka akaniambia, "Si umeona mkono huo? Baba yake, nasikia, ni mpumbavu mmoja huko Ohio." Nikamwambia hata mimi nimesikia hivyo.

Mchezo ulipokwisha ndipo akaja uzioni, vumbi hadi kwenye kope.

"Baba."

"Gerard."

"Haya. Nipe ripoti."

"Miguu bado mizito," nikasema. Sijui kwa nini nilianza na hilo. Mdomo ni wa zamani.

"Na mpira unaopinda?"

"Nyuki."

Hakucheka. Akasema, "Hiyo nilishaisikia. Hiyo ni ya Wavioo. Mimi nataka ya kwako."

Basi nikamwambia. Yote niliyokuandikia hapa juu, vibaya zaidi na kwa kigugumizi, watu wakipita na viti vyao, Bi Opal akijifanya anatafuta pipi iliyoanguka. Nikamalizia na mkono. Nikasema sijawahi kuuona mkono kama ule, na kwamba nilijua hivyo tangu ana miaka kumi na minne, na sikumwambia yeye wala mtu mwingine.

Akasema, "Ungeniuliza, baba. Ningekuambia mimi huwa sizisikii kelele. Ni wewe unayezisikia." Akavua kofia yake ya Buffalo, akaipitisha juu ya uzio. "Jua kali hapo ulipokaa. Kesho tunacheza saa saba."

Usimwandikie Verna kwamba tulikumbatiana. Hatukukumbatiana, kulikuwa na uzio, na hakusema kwamba amenisamehe. Alisema saa saba. Nikaja saa sita. Nikaja na kesho yake pia. Siku ya mwisho aliniuliza kama ile mikate ya friji ni mimi niliyeimaliza, nikasema ni mimi, akasema alijua, na mwaka huu ndiyo mara ya kwanza amenitazama usoni akiwa anaongea nami.

Kofia ya Buffalo niko nayo hapa mezani. Stan kapita asubuhi, kaiona, kavua ya kwake kama mtu aliyeingia kwenye msiba, katoka. Sijaiondoa.

Ya kwangu ya Wavioo nimekuachia. Iko kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni kwako, ina jasho langu lote. Ivae ukienda uwanjani, ili mtu mmoja wetu abaki mwaminifu. Na mlango uufunge, mbuzi alikuwa dirishani nilipokuwa naitundika.

Clement